Mama Mkwe Amefika Sura ya Sita

Mpendwa mshauri,

Naomba uninusuru kabla ya Jumatatu, maana ikipita Jumatatu sijui kama nitakuwa na nyumba ya kurudi wala kanisa la kuingia. Barua hii nimeileta mwenyewe mapokezi ya gazeti lenu, na Ijumaa mchana nitapita kuchukua jibu, kwa hiyo nakusihi usiichapishe kwanza. Nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nikisikia tu mlango wa chumba cha mama mkwe ukifunguliwa, nakimbilia jikoni.

Mimi ni karani wa shule ya msingi, mke wa fundi umeme, mama wa watoto wawili, na tangu mwezi uliopita nimekuwa pia mwandishi wa kitabu, riwaya ya mapenzi ya Kikristo, mapenzi safi, ya watu wanaopiga magoti kwanza ndipo wanashikana mikono, ambayo nimeiandika kwa miaka mitatu kwenye kompyuta ya ofisi saa ya chakula, huku nimefungua pembeni orodha ya mahudhurio ili mwalimu mkuu akichungulia nijifanye nahesabu watoro. Mume wangu alinitania mpaka basi, akawa ananiita "mama mahaba", lakini siku nakala kumi za kwanza zilipofika alizipanga juu ya kabati la vyombo akakataza mtu yeyote asizisogeze, hata kwa kufuta vumbi.

Wakwe zangu tunaishi nao tangu mwaka juzi. Baba mkwe alikuwa seremala, presha ya macho imemla taratibu mpaka sasa anaona mwanga wa dirisha tu, na mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mumewe. Ni watu wapole. Mama huyu hajawahi kunisema vibaya, mtoto wangu wa pili alipozaliwa yeye ndiye aliyenikanda, na nakueleza haya ili ujue nimemkosea mtu wa aina gani.

Sasa sikiliza. Kanisani mimi ni katibu wa kamati ya maombi ya akina mama. Tuna sanduku la mbao lenye tundu juu, mwenye mzigo wake anaandika kikaratasi bila jina anatumbukiza, na kila Jumamosi asubuhi mimi ndiye ninayefungua, nasoma kwa sauti mbele ya mwenyekiti na wanakamati wawili, tunaomba, halafu vikaratasi vyote tunavichoma kwenye kopo la maziwa nyuma ya jengo. Siku niliyokabidhiwa ufunguo niliahidi mbele ya mchungaji kwamba kinachosomwa mle ndani kinaishia mle ndani, na nilimaanisha, mshauri, haki ya Mungu nilimaanisha.

Mwaka jana nikakwama sura ya tisa. Msichana wangu wa kitabuni ameolewa na kijana mkimya aliyechaguliwa na wazazi, hampendi, na katika sura ile ilibidi ampende, lakini kila nikiandika inatoka kama kadi ya harusi, maua, mwezi, macho kukutana, nafuta, naandika, nafuta, miezi minne. Jumamosi moja nikafungua sanduku nikakuta kikaratasi cha daftari la hesabu, herufi kubwa tupu, kimeandikwa hivi: "Mungu wangu mume huyu nilipewa sikumchagua. Miaka thelathini na nane nimempikia na kumfulia na kumzalia na moyo wangu haukuwa pale. Sasa macho yamemwacha. Jana mezani alitafuta mkono wangu akashika kopo la chumvi akalishikilia kidogo kabla ya kujua, na hapo nikampenda. Naona haya kama msichana. Nataka kumwambia nampenda lakini naogopa ataniuliza tangu lini. Niombeeni."

Niliposoma wenzangu walilia. Mimi sikulia, mshauri, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote ninapokumbuka. Mimi nilisema moyoni, hii ndiyo sura ya tisa. Kikaratasi nikakitelezesha ndani ya Biblia yangu, kwenye kopo nikachoma karatasi ya matangazo ya Jumapili, na Jumatatu saa ya chakula nikayachapa yale maneno jinsi yalivyo, nikapunguza miaka ikawa mitano, yule kijana nikampa ajali ya macho kazini, nikaongeza koma mbili, basi. Chumvi niliiacha. Nilijua kabisa chumvi ndiyo iliyobeba ukurasa. Mhariri wa wachapishaji alinipigia simu akaniambia ukurasa ule ndio uliofanya wakikubali kitabu, na mimi nikasema asante, nikasema Mungu ndiye aliyenipa.

Nilijiambia ni maneno ya mama fulani kati ya mamia, hatasoma, na akisoma atajua amesitiriwa. Jumamosi iliyopita tuko mezani mchana, mimi napakua, baba mkwe akanyoosha mkono kutafuta mkono wa mkewe, mama mkwe akausogeza wake upesi chini ya vidole vya mzee, na mzee akasema, "Leo sijashika chumvi."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja akacheka. "Kula, bwana wewe, mbele ya wajukuu!"

Upawa ulining'inia mkononi mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Ni yeye, mshauri. Ni Mwalimu. Mwanamke ninayemwamkia kila asubuhi ndiye aliyeandika kile kikaratasi, na mimi nimekichapisha kitabuni, na kitabu chenyewe anacho yeye mkononi.

Maana nakala ya kwanza nilimpa yeye. Na kila siku saa kumi jioni, nikisharudi kazini, mama mkwe anakaa kwenye kiti cha dirishani, mzee anajinyoosha kwenye kochi, na anamsomea sura moja kwa sauti ile ya darasa la kwanza, kidole chini ya mstari, hakuna neno linalorukwa. Mzee anadakia, "Huyo kijana mbona haongei? Ana meno huyo?" na mama mkwe anajibu, "Tulia, mwandishi yuko jikoni, tutamuuliza." Wanacheka. Jumapili wakasoma sura ya tano. Juzi Jumatatu ya sita. Sasa piga hesabu mwenyewe. Siku atakayofika sura ya tisa atakuwa anayasoma maneno yake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mtu yule yule aliyeshika chumvi, na mzee ni kipofu tu, si mjinga, kopo lile alilishika kwa mkono wake. Atajua kwamba kwa miaka yote ile hakupendwa. Atajua akiwa amejinyoosha kwenye kochi langu, akisikia kutoka kwenye kitabu changu.

Nikashikwa na wazimu. Juzi jioni walipomaliza kusoma nikaichukua miwani ya mama mkwe nikaitia kwenye pochi yangu. Iko shuleni, kwenye droo yangu, chini ya rejista. Jana waliitafuta tangu asubuhi. Niliporudi nilimkuta baba mkwe amepiga magoti sebuleni anapapasa chini ya kochi kwa mikono yake ile ya useremala, pole pole, ubao kwa ubao, huku anasema, "Usijali Mwalimu, nitakupatia." Na mama mkwe akanifuata jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, naona akili imeanza kuniaga. Naweka vitu nasahau. Tafadhali usimwambie mumeo." Nikamwambia pole mama. Hivyo tu, pole mama, na miwani yake nimeificha mimi.

Mume wangu ameshaagiza nyingine na Ijumaa jioni anakuja nayo. Kwa hiyo Jumamosi sura ya saba, Jumapili ya nane, Jumatatu ya tisa. Na Jumapili ya wiki ijayo kitabu kinazinduliwa kanisani, mke wa mchungaji ameshamwomba Mwalimu asome ukurasa mmoja mbele ya watu, na mhariri amechagua ule wa chumvi. Wale wenzangu watatu wa kamati watakuwa benchi la mbele, nao waliusikia, watajua ahadi yangu ilikuwa ya mdomoni. Mume wangu naye atajua mama yake hakuwa akimpenda baba yake. Kila upande ninaogeukia naona uso wa mtu.

Je, niukate ule ukurasa kwa wembe nisingizie kiwanda? Au nimwombe mhariri achague ukurasa mwingine na mimi Jumatatu niende kwa dada yangu nisiwepo? Au nimwambie mume wangu kwanza anisaidie? Na kwa kuwa nakuambia yote, hili nalo lichukue. Katikati ya hofu hii kuna kijisehemu changu kinachotamani kusikia sura ya tisa ikisomwa kwa sauti ile. Nadhani nimeharibika. Nisaidie, mshauri, silali, sili, na kazini jana nimewaandika watoto wa darasa la nne wote kwamba hawakuja.

Ni mimi,
Mwandishi Mwoga

JIBU LA MSHAURI

Mwandishi Mwoga,

Tuanze na miwani. Barua yako niliisoma vizuri tu, nikakuhurumia, nikacheka hata pale kwa watoro, mpaka nilipofika kwenye miwani. Hapo niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Umemwacha mama mtu mzima aamini kwamba akili inamtoka! Umemwacha mzee asiyeona atambae sakafuni! Ukurasa uliuchapa mwaka jana hujui ni wa nani, tutaujadili. Miwani umeificha Jumatatu, ukijua ni ya nani.

Leo Ijumaa ukitoka hapa rudi shuleni, fungua droo, na ufike nyumbani kabla mumeo hajaingia na ile mpya. Utampa mama mkwe miwani yake mkononi na utamwambia, "Nilikuwa nimeificha mimi." Usiitupe chini ya mto wa kochi ili "ipatikane". Nakujua, hilo umeshalifikiria. Ukifanya hivyo ataendelea kuogopa akili yake mpaka siku ya kufa, nawe utakuwa umemwibia mara mbili.

Pole, hata hivyo. Hofu unayoiona inakufaa, usiombe ikuondokee upesi. Inakuambia kwamba bado unawapenda hawa wazee.

Sasa nijibu hili, si kwangu, kwako mwenyewe. Mama yule aliandika "niombeeni". Je, wewe uliomba? Umenieleza ulivyokificha kikaratasi, ulivyochapa, ulivyopunguza miaka, ulivyoongeza koma. Nimetafuta barua nzima mahali uliposema uliliombea lile ombi, sijapaona. Wenzako watatu walilia wakaomba, wewe ulikuwa unapanga sura. Huko ndiko ulikopotea, ndugu yangu, mengine yote yamefuata tu.

Na kuna jambo hujaliwaza kwa sababu umeshughulika mno na kujiogopea. Mama mkwe wako anaishi nawe nyumba moja. Anakuona kila Jumamosi asubuhi ukichukua ufunguo wa sanduku. Alijua fika nani atafungua na nani atasoma. Angeweza kwenda kwa mchungaji, angeweza kumwambia Mungu peke yake chumbani kwake. Akabadilisha mwandiko, akatumbukiza mahali ambapo mkono wa kwanza kulishika ombi lake ungekuwa wako. Sisemi alitaka lichapishwe. Nasema alikuamini wewe, si sanduku.

Wembe uuache. Mwalimu wa darasa la kwanza asigundue kurasa zimeruka namba? Kwa dada yako usiende. Mumeo usimwambie, kwa sababu hayo si yako kuyasema. Hiyo ni ndoa ya wazazi wake, na mama yake ana mdomo wake. Wewe umeshawasemea watu vya kutosha.

Kesho Jumamosi, mtakapomaliza kifungua kinywa, mwombe mama mkwe mkae wawili tu chumbani kwake. Chukua kile kikaratasi kwenye Biblia yako, na usiniambie umekitupa, waandishi hamtupi. Kiweke mkononi mwake. Mwambie, "Mama, hiki nilipaswa kukichoma. Sikukichoma. Kiko kitabuni, sura ya tisa." Basi. Usieleze miezi minne ya kukwama, usimtaje mhariri, na nakuomba sana usianze kulia, maana ukilia ataacha yake aanze kukubembeleza wewe, na zamu hii si yako. Akikasirika, mwache akasirike. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikwambia utoke, toka.

Kisha yeye ndiye ataamua, na wewe utatii. Sura ya tisa asome, asisome, airuke aende ya kumi, ni yeye. Asimame siku ya uzinduzi au asisimame, ni yeye. Akisema ukurasa utoke kitabuni, Jumatatu asubuhi unampigia mhariri simu unamwambia utoke, na uzinduzi usogezwe. Kitabu chako kitachechemea. Wacha kichechemee. Wewe una jicho, sikatai, maana ni wengi wangeifuta chumvi wakaweka waridi, lakini aliyeiona chumvi ile mezani ni yeye, nawe uliipokea sifa yake kwenye simu ukasema umepewa na Mungu. Mhariri naye aambiwe ukweli.

Ufunguo wa sanduku mrudishie mwenyekiti kesho hiyo hiyo, kabla sanduku halijafunguliwa, umweleze kwa nini, bila kutaja mwenye kikaratasi. Atakupandishia sauti. Vumilia. Kuna akina mama wengine wanaoandika vikaratasi hivi sasa, na wanastahili kufunguliwa sanduku na mtu asiye na sura iliyokwama.

Ninamalizia na kile kijisehemu chako kinachotamani kusikia. Hujaharibika, ndivyo mlivyo, lakini kifunge kamba. Iwapo mama ataamua kumsomea mumewe, Jumatatu saa kumi mtengee chai, wavutie mlango, uende jikoni ufungue bomba, uoshe hata vyombo visafi. Usisimame nyuma ya mlango. Na wakichelewa kutoka, usikae mezani ukaanza kuandika.

Mshauri

Nyongeza. Jibu hilo mwandishi wa barua alilichukua mwenyewe Ijumaa ile. Barua na jibu vinachapishwa leo, miezi miwili baadaye, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikuja ofisini kwangu, miwani usoni, akaniambia vichapishwe, mumewe amekubali na mtoto wake ameshaambiwa. Kitabu kilizinduliwa wiki tatu baada ya siku iliyopangwa. Ukurasa umebaki, ila zile koma mbili amezifuta kwa kalamu nyekundu, na wachapishaji wameambiwa. Nilimuuliza kama mzee alimuuliza lile swali alilokuwa akiliogopa. Akasema ndiyo, alimuuliza. Alichomjibu hakuniambia, nami sikumdadisi. Nikamuuliza basi mwisho wa kitabu aliuonaje, akasema hajui, hawajafika. Kila siku saa kumi akishika kitabu mzee anamwambia arudi sura ya tisa.